Kutafuta Seva Juu ya Kilima

Mama alikuwa na rovu shingoni tangu mimi sijajua kusoma, na kwa miaka mingi hatukulitilia maanani. Akina mama wengi wa milima ya Masisi wanalo. Lilikuwa lake tu, kama vitenge vyake na jembe lake, na aliyethubutu kulitazama sana aliulizwa kama anataka kulinunua. Lakini likaanza kumbana pumzi akipanda shambani, tukaenda Goma, na daktari akasema litolewe. Akaongeza neno jingine, safari hii akiangalia meza: rovu limekaa karibu na mshipa unaoendesha sauti, kwa hiyo baada ya operesheni sauti ya Mama inaweza kubadilika, au isibadilike, yeye haahidi. Mama alimshukuru sana. Tulipofika nje akaniambia yule daktari ni mtoto mzuri ila amekonda, labda mkewe hampikii.

Hakugusia habari ya sauti njia nzima mpaka tukafika kwetu Kalembe. Aliweka mzigo chini, akanywa maji, akasema:

"Mbele banipasule, ukamate kwanza ule wimbo wangu. Uuweke fasi haiwezi kupotea."

Wimbo wenyewe aliutunga akipalilia maharagwe, kabla sijazaliwa. Kalembe nzima inaujua. Kwaya ya parokia iliuchukua, ikatia Aleluya katikati, na kiongozi wa kwaya akauongezea kinanda chake cha umeme ambacho, kwa maoni ya Mama, kinalia mithili ya kifaranga kilichokanyagwa. Yeye ndiye sauti ya kwanza katika kwaya ile. Wengine wanaingia wakishamsikia, na asipokuwepo wanaingia ovyo ovyo kama watu wanaoingia kwenye nyumba yenye giza.

Sasa mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na nina kompyuta. Hayo mawili yakikutana kwa mtu mmoja, kijijini anaonekana fundi wa kila kitu. Ningeweza kumrekodi Mama kwa simu nikamaliza kabla ya bugali kuiva, na yeye mwenyewe aliniambia hivyo. Nikamjibu kwamba simu inarekodi upepo na kuku, kwamba wimbo huu unastahili kazi safi, maikrofoni, programu, kila sauti kwenye mstari wake. Aliniangalia tu.

"Haya, Madame," akasema. Aniitapo Madame, najua kuna jambo amelichekea moyoni.

Kompyuta yangu ilikuwa imepita mikononi mwa kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, mwenye duka la fotokopi na kompyuta kule Walikale mjini. Nilimpelekea baada ya virusi kutoka kwenye flashi za walimu wenzangu kula masomo yangu yote ya muhula. Aliondoa kila kilichokuwemo, akaweka Linux, akaniambia virusi vile havijui kuishi mule. Akanitilia na programu ya kurekodi muziki, akisema iko "ndani ya boîte", yaani imefungiwa kisandukuni ili isichezee vitu vingine. Sikuuliza kisanduku gani. Mwalimu hupenda kuuliza, hapendi kufundishwa.

Kiongozi wa kwaya akaja na maikrofoni yake, ile ya kuchomeka moja kwa moja kwenye kompyuta. Ni mtu mzima, mpole, mwenye kuamini kwamba jambo lolote linaweza kutengenezwa kwa subira na kwa kuzima na kuwasha. Tuliketi sebuleni, Mama kwenye kiti, nikafungua programu. Ikajifikiria kidogo, kisha ikatoa kidirisha chenye maneno ya Kifaransa: imeshindwa kuunganika na seva ya sauti. Nikasoma kwa sauti kubwa. Serveur audio.

Neno hilo, serveur, hakuna asiyelijua kwetu. Ukinunua unite za simu zisiingie, muuzaji anakuambia serveur iko chini. Majina ya watahiniwa yakigoma kwenda, inspekta anasema serveur inasumbua. Serveur ni kitu kilichoko mbali, Kinshasa au Ulaya, na sisi tunakifikia kwa neema ya mtandao. Mtandao wenyewe Kalembe haupatikani bondeni.

"Basi iko shida ya réseau," kiongozi wa kwaya akasema. "Hapa chini hatutaipata. Tupande."

Nikakubali papo hapo, tena kwa sauti ya mtu aliyekuwa anataka kusema hivyo hivyo.

Tukapanda. Kiongozi wa kwaya alijitwika kompyuta kichwani, imeviringishwa ndani ya sweta. Mimi nilibeba maikrofoni na mwavuli. Mama alikuja nyuma amevaa sare ya kwaya, kitenge kipya na kilemba chake, kwa kuwa mtu haendi kuimba wimbo wa kuhifadhiwa akiwa na nguo za shamba. Kila mara pumzi ilipomkatika alisimama akajifanya anatazama maharagwe ya jirani. Maharagwe ya jirani yalitazamwa sana siku ile.

Njiani tulikutana na mama mmoja akishuka na kuni.

"Munaenda wapi na Mama wa kwaya?"

"Tunaenda kutafuta serveur," nikasema.

"Ule serveur wa kule mu nganda? Alifanya nini?"

Kwetu mhudumu wa baa naye huitwa serveur. Mama akanitangulia kujibu, pumzi juu juu. "Hapana, huyu wetu hayuko wa baa. Huyu hanywaki hata bière. Anasikiaka tu batu."

Kileleni kuna jiwe ambalo wenye simu wote wanalijua. Ukisimama kando yake, ukaipa mgongo milima ya Masisi na malisho yake ya ng'ombe, ukaelekeza uso kule msitu wa Walikale unakoanzia, simu inaanza kulia ujumbe uliokwama tangu asubuhi. Nikaunganisha kompyuta na simu yangu. Mtandao ukaingia, mzuri kabisa. Nikafungua programu. Kidirisha kile kile, maneno yale yale.

"Labda tuinue," kiongozi wa kwaya akasema.

Akaiinua kompyuta kwa mikono miwili, juu ya kichwa chake, akaigeuza taratibu upande wa Kisangani, kisha upande wa Bukavu. Mimi nilisimama kwenye ncha za vidole nikijaribu kubonyeza.

"Inua tena kidogo, Papa," Mama akamwambia akiwa ameketi juu ya jiwe. "Niko namuona kule. Iko anakuya."

Nilicheka, lakini si kicheko cha moyoni. Gari la kumpeleka Goma lilikuwa linaondoka keshokutwa asubuhi, na barabara ya kwetu ikifunguka unaipita, hungoji. Pale juu, nikimtazama Mama na kilemba chake na rovu lake, nilishikwa na hofu ya kweli. Ingekuwaje kama sauti ile ingepotea na mimi niko kilimani napigania kidirisha?

Nikapiga picha ya lile kosa, nikamtumia kaka Walikale. Jibu lake lilikuja kwa sauti, nikaliweka wazi ili tusikie sote watatu. Sehemu ya kwanza ilikuwa kicheko. Kicheko kirefu, cha mtu anayeshikilia meza.

"Dada! Muko fasi gani? Ku kilima? Dada, ile serveur haiko Kinshasa, haiko Ulaya. Iko ndani ya machine yako. Njo inapokeaka sauti mu micro na kuipeleka mu haut-parleur, batu basikie. Mulimubeba ku kichwa mupaka kule yulu, na sasa muko munamutafuta!"

Kiongozi wa kwaya akaishusha kompyuta polepole, akaitazama kwa heshima mpya. Mama alicheka mpaka akajishika shingo kwa mikono miwili, machozi yakimtoka, na kila alipotaka kunyamaza alitazama ile kompyuta akaanza upya. Mimi nilikasirika. Nilimkasirikia kaka kwa kicheko chake, nikamkasirikia kiongozi wa kwaya kwa wazo lake nililolikubali mwenyewe, nikalikasirikia na neno serveur, ambalo linatumika kwa watu na vitu bila adabu yoyote.

Ujumbe wa pili ulikuwa wa fundi zaidi. Kaka alieleza kwamba seva ya sauti imo ndani ya kompyuta, ila nje ya kile kisanduku. Programu imo ndani ya kisanduku. Na kati yao hakuna aliyefungua mlango. Programu inaita seva, haisikiwi, basi inadhani seva haipo duniani.

"Kumbe iko bibi-arusi," Mama akasema, akipangusa macho.

Kwetu ziko familia ambazo bado zinashika desturi hii: bibi harusi mpya anakaa ndani, hapokei wageni, hateki maji, mpaka siku ndugu zake watakapokuja na vyakula vyao na kumtoa nje mbele ya watu. Kabla ya hapo, hata ukimpigia hodi mchana kutwa, hakujibu.

"Ndiyo, Mama, njo vile," kiongozi wa kwaya akasema.

"Sasa muko munamupigia bibi-arusi kelele ku mulango, na hamujamutoa. Atasalimia nani? Mwambie ule kaka yako amutoe."

Kaka akatuma njia ya kumtoa: mstari mmoja wa maneno ya kuandika kwenye dirisha jeusi, wa kuruhusu kisanduku kiuone mlango wa seva. Aliutamka neno kwa neno kwenye simu, mimi nikaandika pale pale kwenye jiwe. Nikabonyeza. Kompyuta haikulalamika, nikaona mambo yamekwisha. Nikairudia programu ambayo ilikuwa wazi wakati wote ule. Kidirisha kikarudi. Nikaandika tena, kikarudi tena. Mvua ikaanza kuonekana ikitoka upande wa msitu, tukashuka mbio, kompyuta chini ya mwavuli na sisi watatu nje ya mwavuli.

Jioni ile sikula vizuri. Mama alikula. Aliniuliza kama Linux ni kabila la wapi, maana anawaona wagumu wa kupatana.

Asubuhi nilimwomba kaka aniandikie ule mstari badala ya kuutamka, na ujumbe ukaja nilipokwenda kuteka maji, pale kwenye kona ambapo wakati mwingine mtandao unapita kama mgeni asiyekaa. Nikaulinganisha na wangu. Mwishoni kabisa alikuwa amesema "zéro", na mimi nimeandika O, herufi O, O nzuri ya mwalimu, ya duara, ya kuandikwa ubaoni. Kompyuta ilikuwa imefungua mlango kwa mtu asiyekuwepo. Chini ya mstari alikuwa ameongeza kwamba programu inapaswa kufungwa kabisa kwanza, ndipo ifunguliwe, kwa kuwa ikiwa wazi haipati habari ya ruhusa mpya. Hilo hakuniambia jana. Au aliniambia, na mimi nilikuwa nimekasirika.

Nikaweka sifuri. Nikafunga, nikafungua. Kidirisha hakikuja.

Badala yake mstari wa kijani ulianza kutikisika wenyewe kwenye skrini. Alikuwa kuku, chini ya meza. Huyo ndiye mwimbaji wa kwanza niliyemrekodi maishani mwangu, na nilimpigia makofi.

Kiongozi wa kwaya akaitwa, Mama akavaa tena sare. Tukajaribu kidogo, akiongea tu, kisha nikarudisha tusikilize. Sauti ilikuwa yake, lakini imekatikakatika kama mahindi yakipasuka kwenye sufuria. Nilihisi kulia. Kaka, kwa bahati, alikuwa bado anapatikana kwa simu, kwenye ile kona ya maji. Nilikimbia kule nikiwa na kandambili moja.

"Machine yako iko inakula na kijiko kidogo sana," alisema. "Inachoka mu njia. Uipatie kijiko kikubwa."

Kulikuwa na namba ya kuongeza, kiasi cha sauti ambacho kompyuta inabeba kwa mara moja. Nikaiongeza. Mahindi yakanyamaza.

Tukaegemeza godoro mlangoni. Kiongozi wa kwaya alijitolea kukaa nje kufukuza kuku na kuwaambia wapita njia wasisalimie. Alikuja na kinanda chake, kimefunikwa kwa kitambaa, akakitazama, akamtazama Mama, akakiacha uani. Nilimpenda sana kwa hilo.

"Niangalie wapi?" Mama akauliza. "Mi nilizoeaka kuangalia maharagi."

Nikageuza kiti kikaelekea dirisha, mahali ambapo mteremko wa mashamba unaonekana. Akatazama kidogo, akaweka mkono mmoja juu ya rovu, akaimba.

Sijui kuandika sauti. Najua tu kwamba aliuimba kama ulivyokuwa kabla kwaya haijauchukua, bila Aleluya, na alipopita pale Aleluya inapokaa nikasikia nje kiongozi wa kwaya akikohoa kikohozi cha masikitiko. Alipandisha ile sehemu ya juu ambayo watu wote wa Kalembe wanaijaribu wakioga na kushindwa. Alishuka, akapumzika, akamaliza. Nikamwomba arudie, kwa usalama.

"Hapana. Ile inatosha. Nikiimba ya pili, utaniomba ya tatu, na gari itaenda na wewe peke yako."

Mvua ikagonga mabati muda huo huo, na pasingekuwa na kurudia hata tungetaka. Nikaweka nakala kwenye flashi, nyingine kwenye simu, nyingine nikampelekea kaka. Alfajiri Mama alipanda gari, amekaa mbele karibu na dereva, tayari amemuuliza kama alilala vizuri au anategemea Mungu peke yake.

Operesheni ilienda salama. Alirudi na kitambaa shingoni, akapokewa na nusu ya kijiji, na aliposema ahsante watu wakatazama chini. Sauti ilikuwa imeshuka mpaka mahali ambapo sikuwahi kuisikia, nzito, yenye mikwaruzo, na kila maneno machache ilibidi avute hewa. Alijua. Aliwaambia kwamba daktari alikuwa anatafuta baba wa familia, basi amempa yeye sauti ya huyo baba. Watu wakacheka kwa shukrani. Jumapili alikwenda kanisani akaketi benchi za nyuma, si pamoja na kwaya, na kwaya ikaingia ovyo. Nilimwona akifumba macho.

Nilingoja siku yake nzuri, nikafungua kompyuta, nikamwekea wimbo. Nilidhani namfariji. Ilipoanza kuimba ile sauti ya juu, safi, nilijuta papo hapo, kwa kuwa uso wake ulifungwa kabisa. Alisikiliza hadi mwisho bila kutikisika.

"Ule mama iko anaimba muzuri," akasema.

"Mama, ni wewe."

"Najua ni mi." Akasogeza kiti karibu na kompyuta. "Rudisha."

Nikarudisha. Safari hii alifungua mdomo, akaingia chini ya ile sauti, kwa ile nzito mpya, polepole, akitafuta pa kukanyaga. Kwa maneno machache walikwenda pamoja. Kisha pumzi ikamkatika, yule wa kwenye kompyuta akaendelea, akapandisha, akamwacha. Mama akajaribu kumkimbilia, akakohoa, akainua mkono wake kuelekea kompyuta.

"Umuambie aningoje," akasema.

Programu ile inaweza kupunguza mwendo wa wimbo bila kuharibu sauti. Nilitafuta mahali pa kubonyeza huku sioni vizuri. Nikavuta mwendo nyuma, nikafungua mstari wa pili chini ya ule wa kwanza, nikawasha maikrofoni bila kumwambia. Wimbo ukaanza upya, taratibu. Mama akaingia. Alipovuta hewa, yule mwingine alikuwa bado yuko karibu. Alipokawia, hakuachwa mbali. Walipofika pale pa juu mmoja akapanda na mwingine akabaki chini akimshikilia, na wakamaliza pamoja, mama yangu na mama yangu.

Tuliposikiliza, kulikuwa na sauti ya tatu. Mikwaruzo mifupi, tangu katikati hadi mwisho. Nikadhani ni seva tena, au kijiko.

"Hapana, Madame," Mama akasema. "Ni wewe. Uko unavuta makamasi mu wimbo wangu."

Nikaona haya. Nikamwambia ni rahisi, nitaukata ule mstari, arudie mara moja tu bila mimi. Akanishika mkono kabla sijagusa kitu.

"Wacha," akasema kwa ile sauti yake. "Kule tuko wote."